Mwalimu Ogola na Matabaka Saba

"Pika Dengu Na Tambi, Sukuma Pia Andaa," darasa zima lilikariri kwa sauti moja, huku Mwalimu Ogola akigonga ubao kwa chaki kila neno lilipotamkwa.

Sentensi hiyo ilikuwa imetungwa na Kihara, kijana wa mstari wa mbele mwenye kipaji cha kushika chochote alichosomewa mara moja. Herufi ya kwanza ya kila neno ilisimamia tabaka moja la mtandao wa kompyuta, kuanzia chini kabisa kwenye waya hadi juu kabisa kwenye programu anayoiona mtumiaji: physical, data link, network, transport, session, presentation, application. Maneno saba, matabaka saba. Ogola aliipenda mara tu alipoisikia. Ilimpa kitu cha kufundisha siku ambayo yeye mwenyewe hakuwa na cha kufundisha.

Mkono mmoja uliinuka nyuma ya darasa, na Ogola akauona akatamani asingeuona.

Ulikuwa wa Sonal. Katika chuo kile kidogo kilichokuwa juu ya duka la viatu katikati ya Nakuru, Sonal ndiye mwanafunzi pekee aliyepita miaka arobaini. Mumewe, Tarun, alikuwa na duka la spea za magari karibu na stesheni, na Sonal ndiye aliyetunza hesabu za mali humo tangu alipoolewa. Miaka miwili nyuma waliweka kompyuta, moja kaunta na nyingine ofisi ya nyuma, na tangu hapo hakukupita mwezi bila hizo mbili kukataa kuwasiliana. Kila fundi aliyeitwa alisema ni network, akafanya mambo yake kimyakimya, akaenda. Sonal alichoka kuambiwa neno lisilomweleza chochote. Akaja kusoma.

"Mwalimu, nimeshika kwamba sukuma inakuja baada ya tambi," alisema. "Lakini hiyo tambi inafanya kazi gani?"

Wenzake walicheka, na hata Ogola akatabasamu. "Hiyo ni transport. Inahakikisha data imefika. Kipande kikipotea njiani, inakituma tena."

"Inajuaje kimepotea?"

"Ndiyo kazi yake kujua."

"Lakini wiki iliyopita ulisema kila tabaka linaongea na jirani yake tu. Hili la nne halioni waya. Sasa waya ukikatika huko mbali, yeye huku juu anaambiwa na nani?"

Ogola alitazama karatasi zake. Zilisema kwamba tabaka la nne huhakikisha data imefika salama. Alikuwa ameusoma mstari huo mara nyingi mpaka maneno yakaanza kuonekana ya ajabu, kama jina lako ukilitamka mara mia. Haukusema linahakikisha vipi.

Akakimbilia mfano wa barua, uleule ambao kila kitabu kiliutoa. Mkurugenzi anaandika barua, sekretari anaitia kwenye bahasha, mesenja anaipeleka posta. Kila mtu na kazi yake, hakuna anayeingilia ya mwenzake.

"Sawa," Sonal alisema. "Mesenja akiangusha barua kwa mtaro, mkurugenzi anajuaje?"

"Anapigiwa simu," Kihara alidakia, na darasa likaangua kicheko.

Ogola alisikia shingo ikipata moto. "Mama, cram kwanza. Kuelewa kutakuja baadaye."

"Kwako kulikuja lini, mwalimu?"

Hakusema kwa dharau. Alikuwa akiuliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza basi la Gilgil linaondoka saa ngapi, na hilo ndilo lililomchoma Ogola zaidi. Kama angekuwa anamkejeli angejua la kumjibu. Alitembea hadi nyuma ya darasa, akaweka kipande cha chaki juu ya dawati la Sonal.

"Kama kuna anayeweza kufundisha kuliko mimi, chaki ndiyo hiyo."

Sonal alikitazama kile kipande cha chaki kwa muda. Kisha akakusanya vitabu vyake, akavitia kwenye mkoba, akatoka. Aliufunga mlango polepole, usipige kelele.

Ukweli ni kwamba Ogola hakuwa ameajiriwa kufundisha mitandao. Alikuja chuoni mwezi wa tatu kufundisha watu kuchapa barua na kupanga majedwali. Mwalimu wa mitandao alikuwa ameenda kwao Januari ile ya vurugu za baada ya uchaguzi na hakurudi, na hakuna aliyeuliza sana kwa nini. Mwaka ule watu wengi waliondoka Nakuru, na wengi walijifunza kutouliza. Wanafunzi wa mitandao walikaa tu wakisubiri. Ndipo mwenye chuo, Madam Wangare, alipomwita Ogola ofisini.

"Wewe si ni mtu wa kompyuta? Basi soma tu chapter moja mbele yao."

Alifanya hivyo, na kwa wiki kadhaa mambo yakaenda. Aina za nyaya alizielewa. Vifaa vya kuunganisha kompyuta alivielewa. Kisha akafika kwenye matabaka, na chapter moja mbele ikawa haipo tena. Kila Jumamosi alikuwa akitoka Lanet, alikopanga chumba, akaenda kukaa maktaba ya mjini na kitabu kinene ambacho hakikuruhusiwa kutoka nje. Kitabu hicho kilisema matabaka ni manne. Karatasi alizoachiwa na mwalimu wa awali zilisema ni saba. Alikaa pale akivilinganisha hivi viwili, akichora mishale kutoka saba kwenda nne, na kila mara tabaka la tano na la sita yakabaki yakining'inia bila mahali pa kwenda. Kwenye cyber alifungua kurasa zilizochukua muda mrefu kutokea, na zilipotokea zilimweleza habari za barua na bahasha. Alichodhani amekielewa Jumamosi, Jumatatu hakikuwepo.

Sasa mwanamke mmoja alikuwa amemuuliza mbele ya watu lile swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilikwepa.

Sonal hakuja darasani wiki ile, wala iliyofuata. Madam Wangare alimsimamisha Ogola kwenye ngazi.

"Yule mama umemfanya nini?"

"Tulitofautiana kidogo, madam."

"Nakuru ni ndogo, Ogola. Leo anaambia dada yake, kesho mji wote unajua walimu wangu wanafukuza watu wazima. Enda umtulize."

Jumamosi hiyo hakuenda maktaba. Alikwenda hadi dukani karibu na stesheni na kumkuta Tarun kaunta, ameegemea rafu ya filta, uso umemkunjamana.

"Wewe ndiyo mwalimu?" Tarun aliuliza. "Ingia huko nyuma. Yuko chini ya meza. Tangu asubuhi hakuna mtu anaweza kuangalia stock, ati anatafuta tabaka."

Ogola alipita kati ya makatoni ya breki na mikanda ya injini hadi ofisini. Miguu ya Sonal, ndani ya raba nyeupe, ilikuwa imechomoza chini ya meza. Karatasi za darasani zilitandazwa sakafuni.

"Mama, nimekuja kwa sababu ya ile siku. Nilikosea."

"Ulikasirika tu," sauti ilitoka chini ya meza. "Shika tochi hii, mkono wangu umechoka."

Akaishika. Msamaha aliokuwa ameupanga njiani kutoka Lanet ulikwisha hapo, na alihisi ameponea.

Sonal alimweleza shida. Orodha ya mali ilikaa kwenye kompyuta ya kaunta. Kompyuta hii ya ofisi ilitakiwa kuifungua kupitia waya, lakini tangu jana ilikataa, ikasema haioni kitu. Alikuwa ameifungua programu na kuifunga tena asubuhi yote.

"Umeanzia juu," Ogola alisema. "Anzia chini."

"Shida iko juu. Programu ndiyo inalalamika."

"Anayelalamika si lazima awe ndiye mgonjwa."

Walibishana kidogo juu ya hilo, mpaka Sonal akasema haya, onyesha. Ogola alimulika nyuma ya kompyuta, pale waya ulipochomekwa. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Kwenye kisanduku cha ukutani kilichounganisha kompyuta zote mbili, taa zilikuwa zinawaka pia. Basi waya ulikuwa mzima. Kisha akakaa kwenye kibodi, akafungua lile dirisha jeusi, akaandika amri ya ping na namba ya kompyuta ya kaunta. Amri hiyo alikuwa ameiandika ubaoni na wanafunzi wakainakili. Hakuwahi kuitumia kutafuta ugonjwa wowote.

Majibu yakaja, mstari baada ya mstari. Kompyuta ya kaunta ilikuwa inaitika.

Ogola aliyatazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba asiyoamini ina watu. "Kwa hivyo waya ni mzima," alisema taratibu. "Na namba inafika. La kwanza, la pili, la tatu, yote yako sawa. Ugonjwa uko juu ya hapo."

"Si nilisema uko juu?"

"Ulisema bila kujua."

Sonal aliinuka, akajipangusa vumbi magotini. "Ngoja. Usizime." Akatoka hadi kaunta, Ogola akamsikia Tarun akiuliza anafanya nini tena, na waya ukachomolewa huko mbele. Kwenye dirisha jeusi majibu yalikoma. Mshale ulibaki unapepesa bila kuandika neno. Taa ya kijani kwenye kompyuta ya ofisi ilikuwa bado inawaka, kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya muda mashine iliandika kwamba imengoja mpaka muda ukaisha. Ikatuma tena. Ikangoja tena.

Sonal alirudi, akainama nyuma ya bega lake, wote wawili wakatazama.

"Haijui," Ogola alisema.

"Nani?"

"Hii mashine. Haijui umechomoa waya huko mbele. Upande wake kila kitu kizima. Imetuma, imengoja, haijajibiwa, ikaamua ujumbe umepotea." Akaketi juu ya katoni bila kuangalia kama litamhimili. "Hii ping si tambi yenyewe, ni mambo ya tabaka la chini yake. Lakini tambi nayo lazima inafanya hivyo hivyo. Hakuna anayeiambia kitu. Inangoja jibu. Lisipokuja, inatuma tena."

"Basi ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Si ungeniambia hivyo siku ile?"

"Ningejua ningekuambia."

Sonal alimtazama, kisha akacheka kicheko kifupi, akaenda kurudisha waya. Aliporudi alikuwa na haraka ya mtu aliyenusa kitu. Programu ilikuwa inaitafuta kompyuta ya kaunta kwa jina, si kwa namba. Namba ilikuwa inafika. Je, jina? Ogola alifikiri vivyo hivyo wakati huohuo, na alikuwa ameshaanza kuandika jina lile kwenye dirisha jeusi wakati Tarun alipoingia. Nyuma yake alikuwa Micah, fundi aliyeitwa kila mara, na begi lake begani.

"Niaje, boss. Nipishe kidogo," Micah alimwambia Ogola.

"Dakika moja, tunakaribia," Sonal alisema.

"Kuna wateja wanangoja huko mbele," Tarun akasema. "Mwache afanye."

Micah hakukaa hata kwenye kiti. Alizima kompyuta ya ofisi, akaenda akazima ya kaunta, akachomoa umeme wa kisanduku cha ukutani, akavuta pumzi mbili tatu huku akitazama dari, kisha akawasha vyote tena. Walisubiri. Programu ikafunguka, orodha ya mali ikajaa kwenye skrini kana kwamba haikuwahi kuondoka.

"Ilikuwa nini?" Sonal aliuliza.

"Ni network tu, mama."

"Tabaka gani?"

Micah alimgeukia Tarun, kama anayeomba msaada. "Tabaka?"

"Ugonjwa ulikuwa wapi? Kwa jina? Kwa programu? Umeponya nini hasa?"

"Nime-restart. Ilikuwa imekwama, sasa haijakwama."

Tarun alikuwa ameshaanza kumshukuru. Sonal alisimama katikati ya ofisi, mikono imejaa vumbi, akitazama skrini iliyofanya kazi kama anavyotazamwa mtu aliyekudanganya.

"Imefanya kazi," mumewe alimwambia. "Sasa shida yako ni gani?"

Sonal alikwenda mlango wa nyuma, Ogola akamfuata. Kijana wa duka aliwaletea chai wakanywa wakiwa wamesimama uani, wakitazama mabehewa ya treni kule stesheni.

"Tulikuwa tumefika," Sonal alisema.

"Tulikuwa tumefika," Ogola aliitikia.

"Sasa hatutawahi kujua. Hata ikiharibika tena haitakuwa ile ile." Alikitua kikombe kwenye dirisha kwa nguvu hivi kwamba chai ikamwagika. Ogola alitamani kumwambia la kumfariji, lakini naye alikuwa amekasirika vilevile, na kwa kitambo wakasimama tu pale, watu wawili wenye hasira na mashine iliyopona.

Jumatatu Ogola aliomba kompyuta mbili za maabara. Madam Wangare alimpa kwa shingo upande, maana wanafunzi wa kuchapa walikuwa wanazihitaji. Sonal alikuwa amerudi, amekaa mstari wa mbele safari hii. Ogola aliwaacha wanafunzi wachomoe nyaya, wabadilishe namba, waone kinachotokea na kisichotokea. Baadhi walifurahia. Wengi walizunguka na kalamu mkononi, wakingoja pa kuandika.

"Mwalimu, hii itatoka kwa mtihani?" Kihara aliuliza.

"Sijui. Lakini ndiyo kazi yenyewe."

"Tumebakisha wiki chache. Si utupe notes tu?"

Kabla hajajibu, Madam Wangare alitokea mlangoni. Mtu wa kuchapa alikuwa ameshindwa kutuma kazi yake kwa printa, kwa sababu waya wa printa ulikuwa mkononi mwa Kihara. Walirudi darasani, na Ogola akashika chaki. Wiki zilizobaki walizimaliza ubaoni.

Mtihani ulipokuja, swali la matabaka lilikuwa fupi. Taja matabaka saba kwa mpangilio, kisha eleza kazi ya kila moja. Ogola alisimamia chumba kile akitembea kati ya madawati, na kila alikopita aliona pembeni ya karatasi herufi zilezile saba na wakati mwingine neno dengu.

Matokeo yalitoka miezi michache baadaye. Kihara alipata Distinction. Sonal alipata Pass, ile ya chini kabisa inayokubalika. Alikuja kuchukua karatasi yake ya matokeo mchana, akamkuta Ogola kwenye korido.

"Nimeandika vile tuliona dukani," alisema. "Kwamba inatuma, inangoja, jibu likikosa inatuma tena. Nimeeleza vizuri, ukurasa mzima. Nilikosea?"

"Hukukosea."

"Basi?"

Ogola alijua msahihishaji alitafuta maneno gani, kwa sababu yalikuwa kwenye karatasi alizowapa wote. Alijua pia kwamba ukurasa mmoja kwa tabaka moja uliyanyima mengine sita muda. Alitaka kumweleza hayo akaona hayana maana. "Walitaka yale maneno," alisema mwishowe.

Sonal alikunja karatasi akaitia mkobani. Hataendelea na ngazi ya pili, alisema. Tarun anataka awe dukani, na alichokitafuta ameshakipata, au karibu. "Lakini lile la tano bado sijaliona," aliongeza. "Ukiliona, uniambie."

"Mimi pia nalitafuta."

Walishikana mikono kama wafanyabiashara, Sonal akashuka ngazi.

Jioni hiyo Madam Wangare alimpongeza Ogola mbele ya walimu wote. Hakuna aliyeanguka. Muhula ujao angefundisha mitandao madarasa mawili badala ya moja. Ogola alishukuru, akakaa chini, na chai aliyopewa akaisahau mpaka ikapoa.

Siku chache kabla ya muhula kuanza, simu yake ililia akiwa anafuta ubao. Alikuwa Kihara. Alikuwa amepata mahali pa kujifunzia kazi kwenye ghala la nafaka huko Rongai, kwa sababu ya ile Distinction, na sauti yake ilikuwa ya chinichini, ya mtu aliyejificha asisikike.

"Mwalimu, kompyuta ya mizani imekataa kuona ya ofisi. Wamenileta hapa wakaniacha. Lori zimepanga foleni hadi barabarani. Naanzia wapi?"

"Anzia chini."

"Chini wapi?"

Ogola alifumba macho. Maneno mengi yalimjia, na karibu yote yalikuwa ya hasira, na hakujua hasira hiyo ilikuwa ya nani hasa. "Kihara, taja matabaka."

Kihara aliyataja yote saba bila kukwama, haraka, kwa mpangilio.

"La kwanza ni lipi?"

"Physical."

"Sasa liko wapi hapo mbele yako?"

Kwa mbali lori lilikuwa linapiga honi, na mtu akapaza sauti kuuliza kama yule kijana amemaliza.

"Mwalimu, hilo hatukuandika."

Ogola aliweka kifutio chini, akavuta kiti cha mwanafunzi, akaketi. "Angalia nyuma ya kompyuta. Unaona waya?"

"Naona nyingi."

"Tuanze na mmoja," alisema. "Uguse. Niambie unaelekea wapi."